Maji Yaliyokwenda Harusini

Habari za msiba zilinifikia mtaani Muyeye, nikinunua mahamri. "Yule dada yetu wa video ametutoka," muuzaji aliniambia, na kabla sijajibu akaanza kucheka huku akijifuta machozi. Sikumlaumu. Wasomaji wangu mtanisamehe, maana mimi pia siwezi kumkumbuka marehemu nikakaza uso.

Kwa miaka mingi alikuwa akihariri video za harusi. Ukitaka maharusi waelee mawinguni na maua yawadondokee, ulikwenda kwake. Kisha mwalimu mmoja wa sayansi, rafiki yake tangu wakisoma pamoja Kaloleni, akamwomba amtengenezee masomo mafupi ya watoto ya kutazamwa mtandaoni. La kwanza lilieleza jinsi maji ya bahari yanavyogeuka mvuke na kuacha chumvi. Mwenzetu akalipamba kama harusi: jua limevaa miwani na linakata kiuno, nyota zinaruka, ngoma inalia mwanzo mpaka mwisho, na maelezo yanapita chini mbiombio. Siku ya kulijaribu alinialika kwake. Watoto wa jirani walijaa sebuleni, wakashangilia, wakacheza. Mwalimu akauliza, "Haya, yale maji yalikwenda wapi?" Kisha binti mmoja mdogo akajibu bila wasiwasi wowote, "Yalikwenda harusini!"

Tulicheka sote, na mwenzetu alitushinda. Lakini watoto walipoondoka alirudi kwenye kompyuta yake akalitazama somo upya. "Si wamefurahi?" nikamwambia. "Wamefurahi, ndiyo," akasema, "lakini somo lenyewe nimewaficha. Ngoma na mapambo haya nitayatoa." Mwalimu hakukubali. Aliogopa kwamba bila ngoma watoto watalikimbia, na kazi yao yote itakuwa bure. "Nipe mpaka Jumamosi," mwenzetu akamwambia. Akaiondoa ngoma, akazifuta nyota, na lile jua lenye miwani, alilolipenda kama mwanawe, akalitoa pia.

Jumamosi watoto walirudi, na kwenye kioo tuliona sahani ya maji ya bahari, jua, na mvuke ukipanda polepole, huku sauti ya upole ya mwenzetu ikieleza. Aliposema "mvuke", neno lilitokea papo hapo kando ya mvuke wenyewe. Kila hatua ilisimama mpaka mtoto aguse kioo kuendelea. Hakuna aliyecheza. Mwalimu alinitazama, mimi nikatazama sakafu. Ndipo yule binti akainua mkono. "Shangazi, mbona chumvi haikupanda na maji?" Wenzake wakamrukia, kila mmoja na jibu lake, wakabishana hadi uani, wakitafuta sahani ili wajaribu wenyewe. Mwenzetu alisimama mlangoni akapiga vigelegele, na mwalimu akampigia makofi.

Tulimzika kwao Kaloleni, na watoto wale walikuja na wazazi wao, wakasimulia visa vyake mpaka mama yake mzazi akacheka. Njiani nikirudi niliwaza juu ya sisi tunaowaandalia watoto masomo, vitabu na hata safu kama hii. Mtoto akituchekea tunadhani tumemfundisha, nasi tunaongeza rangi na kelele. Marehemu alijua kuwafurahisha watu kuliko wengi wetu, lakini alikubali kukata alichokipenda ili mtoto apate nafasi ya kufikiri. Tukimaliza kuwaonyesha watoto tulichotengeneza, tuwaulize wameelewa nini, kisha tunyamaze tuwasikilize.