Aliyeuliza Nimemwandikaje

Ninalosimulia hapa halikutoka katika ndoto wala katika mdomo wa mtu mwingine. Nilikuwa macho, jua likiwa utosini, na nilikuwa nimetoka chuo kikuu nikiamini vitu vinavyopimika tu. Niamini, tangu siku ile naamini zaidi ya hivyo.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, katika hospitali ndogo ya pwani ya Kilwa. Daktari wetu, mgeni, alirekodi maelezo ya wagonjwa kwa Kiingereza kwenye kinasa sauti; kazi yangu ilikuwa kuyasikiliza na kuyapiga chapa kwa Kiswahili kwenye kadi za vitandani. Kila siku nilihangaika na istilahi, lakini siku hiyo neno moja lilishika roho ya mtoto.

Hemedi, mtoto mchanga wa Bi Fatu, alikuwa akitukutika kwa homa. Mama yake, mkulima aliyehitimu kisomo cha watu wazima, alikataa asichomwe sindano.

"Mpaka nisome mwenyewe ana nini. Sikujifunza kusoma ili nifichwe."

Kwetu jina la hali ile ni degedege, na watu waliamini kwamba huletwa na shetani mwenye umbo la ndege, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Nesi wetu, Bi Somoe, alininong'oneza, "Andika homa tu, mwanangu. Ukilitaja lile, mama atambeba aondoke naye sasa hivi."

Nikaingia ofisini peke yangu. Nilikuwa sijagusa taipureta aliponijia mwanamke wa buibui, bila hodi, bila salamu. Upepo haukuwapo, lakini buibui lilipigapiga kama mbawa. Nikatazama chini. Miguu ile ilikuwa na vidole vitatu vitatu, na haikugusa sakafu. Ungekuwa wewe, ungepiga kelele?

"Karani, umeniandikaje?"

"Wewe nani?"

"Unalitafuta jina langu tangu asubuhi, halafu waniuliza mimi nani?" Akacheka. "Andika homa: mama yake ameona alivyotukutika, atajua mwamdanganya, ataondoka naye, mtoto atanijia. Andika jina langu: ataikimbia sindano, mtoto atanijia. Piga chapa lolote, msomi. Mtoto ni wangu."

Nakiri kwamba hoja yake ilikuwa imekamilika. Nilitafuta ufa ndani yake, nikauona: alikuwa amehesabu neno moja moja, kana kwamba kadi haina mstari wa pili. Nikaandika DEGEDEGE. Akatabasamu. Vidole vyangu havikusimama: NI MALARIA ILIYOPANDA KICHWANI.

"Hilo usiandike!"

Nikaendelea kupiga. Kila herufi ilipogonga karatasi, buibui lilinywea. Akanishika kidole cha shahada, baridi ikapanda hadi begani. Kwa kile kile nikamalizia: INATIBIKA KWA SINDANO YA KWININI. Nikaweka nukta. Pale alipokuwa amesimama akaruka ndege mkubwa wa rangi ya moshi, akapasua wavu wa dirisha, akatokomea.

Bi Fatu aliisoma kadi kwa sauti, silabi kwa silabi. "De-ge-de-ge." Mama mmoja akadakia, "Mbebe, Fatu, watakuulia!"

"Ngoja, sijamaliza." Akasoma mpaka mwisho, akarudia, kisha akamgeukia Bi Somoe. "Wamelitaja lenyewe, hawakunificha. Mchomeni mwanangu."

Kufikia alasiri Hemedi alikuwa akilia kwa njaa, na sijapata kusikia kilio kitamu kama kile. Vigelegele viliitikisa wodi. Baadaye Bi Somoe alichungulia ofisini kwangu akashika kiuno: "Karani, umeanza kufuga kuku humu?" Manyoya yalikuwa yametapakaa mpaka juu ya kabati.

Hemedi sasa ana ndevu. Kidole changu kingali baridi, hata nikikishika juu ya jiko, nami nakionyesha kwa fahari. Basi wewe unayeandikia wagonjwa, akikujia mchana asiyetoa salamu, akakuuliza umemwandikaje, usimfiche jina. Mwandike waziwazi, uandike na dawa yake, na usiinue mkono kabla ya nukta.