Usinikodolee Macho

Nilipostaafu ualimu nilimwomba Mungu anipe kazi ndogo ya kufanya kabla hajaniita, naye akanipa vipindi viwili kwa wiki vya somo la dini, katika shule ya kanisa letu hapa Muthangari. Gredi ya tano, watoto thelathini na wanne. Wengine huletwa kwa magari kutoka Lavington, na wengine ni watoto wa wale wanaopika na kufua katika nyumba hizo hizo. Wote huniita Shosho, yaani nyanya.

Nilifundisha jinsi nilivyofundishwa. Mwalimu huanza neno, darasa humalizia. "Mungu aliumba nu...?" "Ru!" "Na ma...?" "Ji!" Sauti zile zikipanda pamoja zilinituliza kama wimbo wa jioni. Kwa miaka mingi niliamini kwamba darasa linaloitikia ni darasa linaloelewa.

Katika dawati la tatu alikaa msichana mmoja ambaye mama yake ni mfanyakazi wa nyumba huko Lavington. Aliitikia pamoja na wenzake, mdomo wazi kabisa. Lakini nikimwuliza peke yake alinyamaza, au alijibu jambo ambalo sikuuliza. Tena alikuwa na tabia ya kunitazama usoni bila kupepesa. Sisi tulilelewa kutazama chini mkubwa anaposema. Siku moja nikamwambia mbele ya wote, "Wewe, usinikodolee macho. Adabu yako iko wapi?" Darasa likacheka. Tangu siku hiyo aliinamisha kichwa katika vipindi vyangu, na alama zake zikazidi kushuka.

Muhula wa tatu mwalimu mkuu akaniambia kwamba mtoto huyo atarudia gredi ya tano, wenzake wakivuka. "Hata wewe unaona, Mwalimu." Kweli niliona. Mama yake aliitwa, akaja na aproni chini ya sweta, hakutaka hata kukaa. "Kama ni kurudia, atarudia," alisema. "Nyinyi walimu ndio mnajua." Mwalimu mkuu akatupa hadi Ijumaa ya kufunga shule tumalize ripoti zetu.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa kompyuta, binti mchangamfu anayekaa Kileleshwa, alinijia na wazo lake. Alitaka kunirekodi nikifundisha, kisha atengeneze video ambayo husimama yenyewe katikati, huuliza swali kwa maandishi, na haiendelei mpaka mtoto abonyeze jibu. Kila mtoto angekuwa na tabuleti yake mbele yake. Nilikubali kwa sababu sikutaka kumvunja moyo.

Tukaingia maktaba. Nikasimama, nikaanza kwa sauti ya darasani, "Leo tutamshukuru Mungu kwa mvu..." Nikanyamaza.

Naye akanyamaza, ameshika simu. "Shosho, mbona umestop?"

"Nangoja wamalizie."

"Nani amalizie? Hapa ni mimi na wewe na hizo viti!" Alicheka mpaka akashika meza. "Maliza neno lako, Shosho wangu. Na uangalie hapa kwa simu, wacha kuongea na ukuta."

Nilikuwa nimegeukia ubao bila kujua. Ubao wenyewe ulikuwa mtupu.

Basi nikaitazama simu na kusimulia jinsi mama yangu alivyokuwa akishukuru kabla ya kuingia shambani: kwa udongo, kwa mvua, kwa mbegu alizobeba kwenye pindo la leso yake. Nilimaliza kila neno. Baadaye yule binti akapachika picha hapa na pale ili watoto wasichoke na uso wangu.

Watoto waliingia maktaba wanane wanane, wakakaa mbalimbali. Siku ya Jumatano mwalimu wa kompyuta akaniletea orodha ya majibu.

"Shosho, ona huyu wako wa dawati ya tatu. Saba kwa kumi."

"Ameibia?"

"Ataibia nani, na kila mtu alikuwa kona yake?"

Saba! Katika karatasi zangu hakuwahi kupita tatu. Niliingiwa na wasiwasi zaidi kuliko furaha, nikaomba nioneshwe yale matatu aliyokosa. Swali la kwanza kati ya hayo liliuliza mama alibeba mbegu kwenye nini. Alibonyeza "kikapu". Tukairudisha video hadi hapo. Sauti yangu ilikuwa ikisema leso, lakini uso wangu haukuonekana. Kioo kizima kilikuwa picha ya shamba, na katika picha, mwanamke mwenye kikapu. Tukatafuta la pili. Picha tena, sauti yangu ikitoka nyuma yake. La tatu vivyo hivyo. Mahali pote uso wangu ulipokuwapo, mtoto alikuwa amepata.

Mwalimu wa kompyuta aliweka tabuleti chini polepole. "Shosho," alisema, "huyu mtoto hasikii. Anakusoma mdomo."

Nilikuwa nasikia darasa likicheka, na sauti yangu mwenyewe ikiuliza adabu iko wapi.

Saa ya mapumziko nilimkuta akipanga rangi kwenye mkebe, peke yake, amenipa mgongo. Nikasimama hatua mbili nyuma yake. "Mama, unapenda chapati au wali?" Akaendelea kupanga, nyekundu kando ya nyekundu. Nikauliza tena. Hakugeuka. Nikazunguka, nikaketi kwenye kiti kidogo mbele yake. Aliinamisha kichwa haraka, kama nilivyomfundisha. Nikamwinua kidevu kwa kidole.

"Nitazame. Chapati au wali?"

Macho yake yalishuka mdomoni mwangu, yakatulia hapo.

"Chapati, Shosho."

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu na ile tabuleti mkononi. Nikamwonesha majibu, kisha nikamweleza kosa langu, maana bila hilo habari haikuwa kamili. Alitazama video mara mbili. "Basi avuke," alisema, "na akae mbele." Niliiandika ripoti ya mtoto palepale.

Jumatatu niliwasindikiza mtoto na mama yake hospitalini mjini. Daktari alisema sikio moja halisikii karibu lolote, na la pili husikia kidogo, na kwamba kuna kifaa kitakachomsaidia. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi kungoja karatasi, mama alikuwa akisugua mkono wa bintiye.

"Nyumbani ananiangalia sana, Mwalimu. Nikipika, nikiongea, macho ni kwangu tu. Nilidhani ni vile ananipenda."

"Na hilo pia ni kweli," nikamwambia.

Nikamwomba msamaha yule mtoto hapo hapo, uso kwa uso, maneno yangu nikiyamaliza yote. Alisubiri nifike mwisho. Kisha akamgeukia mama yake, akamwambia, "Leo Shosho anaongea vizuri," na akarudisha macho yake usoni pangu, akingoja niendelee.