Mapera ya Mzee Harshad

Nakeno alikuwa amechoka kabla hata hajafika Kakuma, na uchovu wenyewe haukuwa wa safari. Ulikuwa wa miaka. Mfuko wa mapera aliupakata mapajani, joto limeshaanza kuyalainisha, naye akaufunika kwa shuka kama anayembeba mtoto mchanga.

Mapera yalitoka Lodwar, uani kwa Mzee Harshad, Mhindi wa duka la misumari na mabati. Nakeno alimpikia na kumfulia tangu alipofiwa na mumewe. Mpera aliumwagilia yeye, kwa maji ya kubeba kichwani kutoka mto Turkwel. Siku moja ya zamani alilalamika kwamba anajiumiza bure, hakuna hata wa kumwambia ahsante. Mzee akamjibu kwa Kiswahili chake cha dukani: "Mama Apua, kazi yako. Matunda si yako."

Basi Nakeno akaelewa alivyoelewa. Mzee huyo hakula nyama, wala yai, wala kitunguu, na yote alisema ni dini. Sasa dini inayokataza kitunguu itashindwa kukataza pera? Hakuchuma lake hata moja. Yakiiva aliyatia kapuni akawapelekea wagonjwa hospitalini, kama alivyoagizwa. Binti yake Apua alipougua surua, mdogo bado, midomo imemkauka, aliomba pera moja tu. Nakeno akamwambia hayo si yetu. Apua alipona, lakini neno hilo halikumtoka moyoni. Alipoolewa Kakuma hakurudi tena Nawoitorong, kwa mama yake karibu na Lodwar, hata kusalimia.

Ikafika 2012, Lodwar nzima inazungumzia mafuta yaliyogunduliwa Turkana, bei ya viwanja inapanda, na Mzee Harshad akatangaza anauza duka. Anakwenda India kukaa na watawa wa dini yake, nguo mbili na bakuli. Watu walimcheka, wengine wanaingia mjini yeye anatoka. Nakeno alimwonea wivu. Yeye angeacha nini, na hajawahi kuwa na kitu?

Mzee alimuuliza amwachie nini. Kwa aibu, Nakeno akauliza kama sasa ameruhusiwa kula pera. Mzee aliweka kikombe cha chai chini. Kumbe miaka yote mzee alidhani Nakeno anakula. Akaeleza kwamba yale yalikuwa maneno ya kitabu chao: mtu atende linalompasa, asifunge moyo wake kwenye malipo wala shukrani.

"Mti ni mti tu, Mama," alisema. "Mimi nilisema habari ya moyo."

Nakeno akamuuliza, kama ni hivyo, mbona yeye anaacha kazi.

"Duka naacha. Kazi haiachwi. Naacha kungoja."

Nakeno alikasirika, tena sana. Kama ni habari ya moyo, si angeutaja moyo, badala ya kutaja matunda mbele ya mwenye kumwagilia mti? Lakini mzee aliondoka, na msimu uliofuata mapera yalipoiva Nakeno akachuma, akapanda pikapu ya kwenda Kakuma.

Apua alikuwa anauza chai kando ya kambi ya wakimbizi. Alimsalimu kwa Kiturkana, "ejok", bila kuinuka. Nakeno akamweleza yote, akaomba msamaha. Apua alisikiliza akikoroga sufuria.

"Mama, siku hizi sipendi mapera."

Hakusema kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Akawaita watoto wa Nyachuol, jirani yake kutoka Sudan Kusini, nao wakaumaliza mfuko Nakeno hajakaa vizuri. Alikuja njia yote ile kwa jambo moja, kumwona mwanawe akila. Alitaka kulia, nguvu hana.

Nyuma ya kibanda aliona mitungi mitupu, na foleni bombani ni ndefu. Hakuna aliyemtuma. Akachukua miwili akaenda. Aliporudi, shingo ikimuuma, Apua hakusema ahsante, alimwonyesha tu pipa lilipo. Nakeno akamimina maji, akaichukua mitungi, akarudi bombani.