Saa Niliyomvua Baba Zuhura

Assalamu alaykum ndugu zangu wa ukurasa huu. Hamjambo na familia zenu? Afya zinaendaje? Admin, jina langu lifiche.

Ni mama wa miaka hamsini na tatu, elimu yangu darasa la saba, mkulima wa korosho huku Kitangari. Mume wangu alifariki mwaka jana. Binti yetu, nimwite Zuhura, anafanya kazi Mtwara. Ndiye aliyemletea baba yake saa ya kupima usingizi na mapigo ya moyo. Akatuelekeza: ikionyesha alama nyekundu, mwili haujapumzika, aende akapime.

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, nyekundu ikawa kila asubuhi, na saa inatetema mkononi. Mwenyewe akacheka, "Mama Zuhura, nimeletewa mke wa pili, ananigombeza kuliko wewe!" Mimi nikasema ni salfa tu, kila mwaka ikimwingia mtu kifuani moyo unamwenda mbio, anakunywa maziwa yanaisha. Siku ya tatu ikatetema yuko kwenye sijda. Nikaona inamharibia swala. Nikamwambia, "Lete mkono." Akanyoosha kama mtoto anayevuliwa shati. Nikaiviringisha kwa kitambaa, nikaifukia kwenye debe la mbegu za korosho.

Siku ya sita tangu niivue alianguka chini ya mikorosho, bomba la salfa bado liko mgongoni.

Msibani Zuhura akafungua simu ya baba yake. Akaona kumbukumbu za saa: nyekundu, nyekundu, halafu siku sita tupu. Akalia, "Baba mbishi! Kaivua!" Nikanyamaza. Mpaka leo akimwombea husema, "Mungu amsamehe ubishi wake." Na mimi naitikia amina.

Saa ile ilishazimika zamani. Lakini alfajiri nikisujudu naisikia inatetema ndani ya debe. Debe nimelihamishia jikoni. Bado naisikia.

Sasa nimekutwa na presha. Zuhura kanitumia picha mbili: saa kama ile ya baba yake, na pete ya kidoleni, ambayo haitetemi, habari zake zinakwenda kwenye simu tu. Ananiambia, "Chagua mama. Wewe najua hutaivua, si kama baba."

Moyo wangu unataka pete, kwa kuwa iko kimya. Halafu najiuliza, nimenyamaza mwaka mzima, nivae na ukimya kidoleni? Nikisema kweli, naogopa atanichukia, na mzazi aliyebaki ni mimi peke yangu. Nisiposema, marehemu anabeba kosa langu kaburini.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Zuhura anafika Ijumaa. Tafadhali nijibuni mapema.