Herufi za Kwenye Mgomba

Utomvu wa mgomba unanukia kama chuma kilicholowa. Juzi hapa Nyanga nilikuwa nakata migomba iliyokwisha kuzaa, panga likateleza, utomvu ukanirukia kwenye kitenge, na papo hapo nikawa mtoto tena kule Nshamba, nimechuchumaa kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yangu, Tata, mwiba mkononi. Kitenge chenyewe ndiyo basi tena. Utomvu hautoki kwa sabuni wala kwa maombi.

Niwaambie ukweli ninyi mnaosoma: mimi shule niliionja tu. Nilipoanza kuzoea benchi, mdogo wangu akazaliwa, nikatolewa nikambebe. Kusoma nilifundishwa na mama yangu, Mae, na daftari langu lilikuwa mgomba.

Asubuhi tukienda kupalilia, Mae alichagua mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, akabandua maganda makavu ya nje mpaka akafika panapong'aa, kisha akachora kwa mwiba. Mwanzoni huoni kitu. Unapalilia, unambembeleza mtoto mgongoni, ukirudi herufi zimejitokeza za kahawia, kama mtu kaziandika kwa chai ya rangi. Aliniandikia Kihaya, maana ndicho tulichokuwa nacho mdomoni, na vitabu vya nyimbo kanisani vilikuwa vya Kihaya. Kanuni yake ilikuwa moja: "Andika unachosikia. Sauti ikikawia mdomoni, na herufi ikawie." Ndiyo maana ekitooke, ndizi yetu ya kupika, ilipata o mbili, na mimi nilizivuta zote mbili mpaka mate yakanijaa, kwa sababu saa hizo njaa ilikuwa imeshaanza kuuma.

Maneno yake yalishuka na mgomba kutoka juu kwenda chini, kila herufi imelala ubavu. Nilimuuliza kwa nini.

"Mgomba ndivyo unavyotaka," alisema, akashika jembe lake. Nikaamini. Mtoto atabishana vipi na mgomba?

Watu walicheka. Jirani yetu mmoja akipita na ndoo ya maji alikuwa akiuliza, "Leo kibanja kinasema nini, mama Koku? Kinasema kuna pombe ya lubisi?"

"Kinasema wapitao wapite," Mae alimjibu bila kuinua kichwa.

Tata hakucheka. Kipaimara kilikuwa kinakaribia, na aliyeshindwa kusoma mbele ya mwinjilisti alirudishwa kukaa na watoto wadogo. Tata alitamka wazi, huku akitafuna punje zake za kahawa: "Koku akishindwa, michoro iishe. Sitaki kuiona tena. Mgomba ni wa kuzaa." Ndizi za siku ile Mae alizimenya kana kwamba zimemtukana.

Siku ikafika. Kanisa lilinukia nyasi mbichi tulizotandaza chini. Mae alikaa nyuma, mtoto mapajani. Mwinjilisti akanipa kitabu cha nyimbo, akanionyesha wimbo kwa kidole. Nikatazama. Niliona wadudu tu, wamesimama wima kwenye mistari. Sikugeuka, lakini nilijua mama yangu hapumui.

Basi nikakilaza kitabu ubavu.

Herufi zikashuka kama zilivyokuwa zikishuka kwenye mgomba, na zote nilikuwa nazifahamu. Nikasoma, panapovutwa navuta, panapokatwa nakata. Watoto wakaangua kicheko. Binti mmoja akanong'ona kwa sauti ya kanisa zima, "Kitabu cha Koku kimelewa." Mwinjilisti akapinda shingo kunifuatilia, huenda akidhani nimekariri. Akafungua ukurasa mwingine, akaulaza yeye mwenyewe, akanipa. Nikausoma nao.

"Anasoma," akasema. "Kitabu kitanyooka taratibu."

Kikanyooka kweli, ila kwa shida, kama mkono uliovunjika na kuungwa. Kesho yake tu Tata alikata mkungu, akauacha mgomba umesimama, akamwambia Mae, "Huo hapo, unang'aa."

Kwa miaka mingi niliamini ni mgomba uliotaka hivyo. Nikaolewa, nikazaa, nikawafundisha wanangu kwa makaa ukutani, kwa kwenda pembeni kama watu wengine. Kisha kaka yake Mae akafariki, na kwenye msiba wazee walimsifu kwa usomi wake, jinsi alivyokuwa akisoma kitabu nyumbani kwao tangu angali mdogo. Mae, mzee tayari, alikuwa amekaa kwenye nyasi karibu yangu. Akaniinamia.

"Kitabu kilikuwa kimoja," akasema. "Kilikuwa mbele yake. Mimi nilikuwa ubavuni, mkono wake wa kulia, nimemwelekea, namenya ndizi za mchana. Hakuna aliyeniambia nitazame, nikatazama hivyo hivyo."

Akaendelea kumwomboleza kaka yake. Nami ndipo nikaelewa kwamba mgomba haukuwahi kutaka chochote.

Siku hizi mjukuu wangu Atugonza hunipa simu yake nisome Kihaya wanachoandikiana na binamu zake wa Muleba. Kila mmoja anaandika anavyojua, sauti ndefu wanazikatia njiani, na mimi nawasema. Lakini mkono umezoea vibaya: bila kujua nailaza simu ubavu, nayo kwa ukaidi wake inasimamisha herufi tena.

"Bibi, ishike sawa," Atugonza ananicheka.

Nimeishika sawa. Hivi ndivyo mama yangu alivyokaa.