Talaka ya Redioni

Redio yetu ni chumba kimoja juu ya duka la simenti, chenye maikrofoni moja na magodoro yaliyobandikwa ukutani kuzuia mwangwi. Kutoka humo nimewaamsha watu wa Amu, yaani Lamu, kwa miaka sita sasa. Alfajiri namkaribisha ustadhi na maswali ya dini. Saa mbili nasoma habari, kisha matangazo ya vifo, kisha saa za maji kujaa, maana watu wa Pate wanataka kujua boti zitatoka lini. Adhuhuri muuguzi anaeleza habari za kuhara, wakati ambao watu wanakula. Alasiri wasikilizaji hupiga simu kulalamikia bandari mpya na punda wa jirani, kwa ghadhabu ileile. Mke wangu husikiliza yote hayo akipika, kwa hiyo nikirudi nyumbani sina jipya la kumwambia.

Mchezo wa kuigiza wa Alhamisi jioni uliletwa na mwalimu mmoja wa Kiswahili, mwanamke wa bara, aliyejitolea kutuandikia. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Nikisema nti ananirudisha kwenye nchi, nikisema ndia ananirudisha kwenye njia, mpaka nikawa naogopa kwenda popote. Mimi niliigiza muuza duka mwenye kiburi, yeye akawa mke wangu mvumilivu. Kwa kuwa maikrofoni ni moja, alitoa amri: mmoja asiseme mpaka mwenzake amalize na kusogea kando.

Aliniomba jina la mke huyo, liwe jina la hapa hapa. Nilipitia kichwani majina yote ya mji. Kila jina lilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na kaka zake. Nikatoa jina la mke wangu, maana huyo nilidhani hatalalamika.

Tukafika kwenye tukio la talaka. Karatasi ilisema, "Nimekuacha." Nikasoma vizuri kabisa, na mwalimu akanisimamisha.

"Bwana, hapa naomba uhalisia," alisema. "Mtu wa Amu angesemaje?"

Baada ya miezi ya kunyooshwa ulimi, hatimaye niliulizwa. "Nimekuwata," nikasema, kwa fahari ambayo hadi leo inanitia haya. Alinirekodi mara tatu ili achague iliyo bora. Akazipenda zote, akaziweka zote, na Alhamisi jioni zikaenda hewani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ningebaki na "nimekuacha", hata punda wa mji wangejua ni mchezo tu, kwani sijapata kusikia mtu wa kwetu akimtaliki mke kwa Kiswahili sanifu. Lakini sauti ilikuwa yangu, jina lilikuwa la mke wangu, neno lilikuwa la nyumbani, na idadi ya talaka ilitimia, tatu.

Ijumaa asubuhi mama mkwe alishuka kutoka Pate, kwa boti iliyotoka na maji niliyoyatangaza mimi mwenyewe. Aliingia kwetu na buibui yake, akakataa kuketi. Siku zote huniita mwanangu.

"Bwana," alisema, "nimekuya kumtwaa mwanangu. Umemwata yana, nti nzima imesikia."

"Mama, ule ulikuwa mchezo."

"Talaka haitezewi."

Hilo kila mtu kwetu analijua, nami nilijua kwamba nalijua. Nilitoka mbio nikamleta ustadhi kutoka msikitini, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Ustadhi alisimama mlangoni akaeleza kwa upole kwamba nilikuwa nasoma maneno ya mtu mwingine, tena yaliyoandikwa, na kwamba anayesoma kisa cha Firauni hageuki kuwa Firauni. Ndoa iko palepale.

Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho kwa heshima zote. "Ahsante, ustadhi," alisema. "Lakini redioni mimi sikuiona karatasi. Nilimsikia mume akimtaya mwanangu kwa jina lake, akamwata mara tatu." Kisha akaingia chumbani, akaanza kutia nguo za mke wangu kwenye begi.

Muda wote huo mke wangu alikuwa ameketi na ungo mapajani, akichambua mchele. Mama yake ningeweza kubishana naye, ustadhi nilikuwa naye upande wangu, lakini kuchambua kule kuliniogopesha kuliko vyote. Nilifikiri: labda ameshaamua. Nilifikiri juu ya nyumba hii bila yeye, redio ikisema peke yake jikoni. Nampenda mke wangu. Sikumbuki kama nimewahi kumwambia hivyo mahali popote, redioni wala nje ya redio.

Begi lilipotoka limeshafungwa, mke wangu aliweka ungo chini.

"Mama, rudisha nguo," alisema. "Yule wa redioni si mume wangu."

"Sauti yake siijui?"

"Sauti ni yake. Lakini yule alimngoja mkewe akamaliza kunena, ndipo akajibu. Mimi na huyu mwaka wa kumi na nne huu, sijamaliza hata neno moya. Nikasikia pale, nikajua ni mchezo."

Mama mkwe alinitazama, akiyapima maneno hayo. Ustadhi alitazama kandambili zangu. Kisha mama mkwe akavua buibui, akaketi, akauliza kama kuna chai. Fatwa ya ustadhi haikumtosha, lakini ushahidi huu ulimtosha kabisa.

Ndoa yangu ilikuwa imepona. Nilifungua kinywa niwaeleze habari ya maikrofoni kuwa moja, na mke wangu, aliyekuwa akimjibu mama yake habari ya chai, alikuwa bado hajamaliza.