Ukuta wa Nyuma ya Nyumba

Tangazo aliniletea mwenzangu wa chumba, kijana wa Nakuru aliyekuwa mlinzi wa hoteli kule Al Barsha. Ijumaa asubuhi, matembezi ya kuonyeshwa nyumba za kale kando ya hori la bahari. Bila malipo.

“Bure, Dubai hii?” nikamwambia. “Wana lao hao.”

Tukaenda. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kiarabu mwenye kanzu nyeupe pe. Alitupitisha vichochoroni, akatuonyesha minara inayonasa upepo na kuushusha vyumbani. “Zaidi ya miaka mia,” alisema kila tulipofika mlangoni.

Lakini mimi ni mtoto wa fundi wa Lamu. Nimekua nikimchanganyia baba chokaa, na kuta zile zilikuwa zimenyooka mno. Nikabaki nyuma, nikakwangua lipu kwa ufunguo. Kijivu. Saruji tupu.

“Mzee anatudanganya,” nikamnong’oneza mwenzangu.

“Acha kukwangua. Yule mlinzi wa pale mlangoni anakutazama, na macho yale nayajua.”

Kweli, mlinzi alikwisha kumwendea mzee. Mzee akanijia. Nikawaza kafeel wangu, mwajiri aliyenidhamini viza, nikawaza tiketi ya kurudishwa nyumbani.

“Unatafuta nini ukutani?” akaniuliza kwa Kiingereza.

“Baba yangu ni fundi, sir. Hii ni saruji.”

“Nani amekutuma?”

“Hakuna.”

Alinikagua tangu viatu hadi kofia. Kisha akasema, “Khalas, basi, njoo,” akaniongoza hadi nyuma ya nyumba iliyokuwa ikitengenezwa. Palikuwa na ukuta uliovuliwa lipu: mawe ya matumbawe, na katikati yake chokaa nyeupe yenye vipande vya makombe. Nikaweka kiganja. Ulikuwa baridi, kama wa kwetu.

“Nyingi zilivunjwa, zikajengwa upya,” akasema taratibu. “Huu ulibaki. Mafundi wa chokaa siwapati. Nipe simu ya baba yako.”

Nikasita. Anaitakia nini? Nikamwandikia namba, tarakimu ya mwisho nikaibadilisha makusudi.

Jioni nilimpigia baba, nikamweleza yote, hata hilo la namba.

“Ukuta wenyewe,” akauliza, “una unene gani?”

Sikuwa nimeupima. Ijumaa iliyofuata nilirudi kumtafuta mzee. Matembezi yalikuwa na kiongozi mwingine, na pale nyuma ya nyumba fundi alikuwa anamalizia kuupiga lipu ukuta ule.